Pumzi ya Mbuzi wa Udongo

Binti wa kaka yangu aliwasili kutoka Pemba na mabegi mawili, na katika yote mawili hamkuwa na nguo. Nilijua kabla hajayafungua. Mimi ni muuza nguo, na begi la nguo nalitambua kwa jinsi linavyolala chini. Haya yalikuwa yamesimama. Ndani mlikuwa na kamera, kompyuta, taa mbili, miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia kamera, na furushi la waya. Akanisalimu, akanywa maji, akaniambia kwamba kituo kimoja cha televizau cha mkoa kimempa nusu saa asubuhi ya Idd, atengeneze espesiali ya familia nzima kuhusu wanyama wanaofugwa.

"Espesiali ndiyo nini?"

"Kipindi kinachoonyeshwa mara moja tu, shangazi."

Sokoni kitu kinachoonyeshwa mara moja tu ni kile ambacho mwenye nacho amekimbizwa. Nikanyamaza, maana alikuwa mgeni na chai haijachemka.

"Na hao wanyama wako wapi?"

"Bado. Tutawafinyanga."

Akanieleza. Unamweka mbuzi wa udongo mezani, unampiga picha. Unamsogeza mguu kiasi cha unene wa ukucha, unampiga picha tena. Unasogeza, unapiga. Mwisho picha zote zinapitishwa haraka haraka, na mbuzi anatembea. Kumbe ni boneku, wale vikaragosi wa televizau wanaotazamwa na watoto mpaka ugali unapoa. Tofauti ni kwamba hawa wangekuwa wetu, na wangeongea kama sisi.

"Picha ngapi mpaka atembee?"

"Kumi na mbili kwa kila sekunde."

Nikapiga hesabu ya nusu saa. Nikairudia, kwa kuwa jibu la kwanza halikunipendeza. La pili likawa lile lile.

"Punguza," nikamwambia.

"Haipunguzwi, shangazi. Ndivyo wanavyofanya duniani kote."

"Huko duniani kote hawana mbuzi wa huku. Mbuzi wa huku hana haraka. Mpe nane."

Tukaafikiana nane. Nikaendelea hapo hapo, maana mtu akishapunguza mara moja usimwache apumzike: hadithi ya udongo iwe dakika nane tu, na dakika zilizobaki tuwapige picha watu halisi na mifugo yao halisi, ambayo inatembea bila kusukumwa. Akakubali kwa sauti ya mtu aliyenunua kitenge cha kapulana chenye tundu. Nimeshushiwa bei ya vitu vingi maishani, lakini sekunde ilikuwa ya kwanza.

Halafu likaja suala la jina. Mtu wa televizau alikuwa ameandika maelezo yake kwa Kireno, na mwenzake huko huko akayatia Kiswahili. Juu kabisa aliandika: "Wanyama wa Shamba," na chini yake orodha ya wanyama, farasi na nguruwe wakiwemo. Jirani yangu, mama mmoja wa Kimakonde aliyeshuka kutoka nyanda za juu akajenga hapa miaka mingi iliyopita, alilisoma kwenye simu ya binti akauliza kama tutamwonyesha na tembo. Hakuwa akitania. Kwetu mnyama wa shamba ni yule anayekuja kukumalizia muhogo: nyani, ngiri, tembo. Mbuzi akionekana shambani, hicho si kipindi cha familia, hiyo ni kesi, na mwenye mbuzi huitwa kwa mkuu wa kijiji akajieleze. Kireno kina neno la mahali ambapo ng'ombe, bata na farasi wanakaa pamoja wakipendana. Sisi hatuna neno hilo kwa sababu hatuna mahali hapo.

Nikampigia simu mwenyewe yule mtu wa televizau.

"Senyori, badilisha jina."

"Jina limeshatangazwa, mama."

"Basi ondoa farasi."

Aliondoa farasi bila ubishi, nikajua farasi hakuwa wake.

"Na nguruwe."

"Ah, mama! Bila nguruwe watoto watajuaje kwamba ni shamba?"

"Watoto wa huku wakimwona nguruwe asubuhi ya Idd, watajua kwamba wamefungua televizau ya watu wengine."

Kimya. Kwenye kimya usiseme neno. Atakayesema kwanza ndiye atakayelipa. Akasema yeye: "Sasa unanipa nini badala yake?"

"Bata wawili."

"Wawili?"

"Na wanaongea."

Jirani yangu alikuwa amesimama hapo mlangoni akisikia yote. "Nguruwe mzima kwa bata wawili!" akasema. "Nyie watu wa pwani mnatupunja hata kwenye boneku."

Sasa ikabaki mikono. Binti aliweza kusogeza, hakuweza kufinyanga. Mbuzi wake wa kwanza jirani alimsifu akidhani ni jiko. Mfinyanzi niliyemjua ni mmoja, dada mkubwa wa mama yangu, anayekaa Olumbi na kufinyanga vyungu kwa udongo anaoletewa kutoka Nhica do Rovuma. Tukamfuata.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba. Umekuja na binti na umekuja na sukari. Unataka nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho huku akisugua ukingo wa chungu kwa kipande cha kibuyu.

"Chungu ni chungu," akasema. "Chungu hakina kesi. Lakini ukifinyanga mwenye roho, siku ya kiyama unaambiwa: haya, mpulizie. Nitampulizia na nini mimi? Mapafu haya hayawashi hata jiko."

"Mamkubwa, hawa ni wa kuchezea watoto."

"Na tena mimi nina mbuzi mmoja wa kujibia. Mmoja ananitosha."

Habari ya mbuzi huyo kila mtu anaijua, kwa sababu anaisimulia mwenyewe, kwa maneno yale yale, hata kwa mtu aliyekuja kununua chungu tu. Siku tuliyokimbia vita, mbuzi wake mwenye sikio lililochanika alikuwa amefungwa kamba nyuma ya jiko, na yeye alitokea mlango wa mbele. Aliporudi, baada ya miaka, kamba ilikuwapo na mbuzi hakuwapo. Kamba haikuwa imekatika. Watu wakamwambia basi kuna aliyemfungua. Akasema labda. Lakini chuoni alisomeshwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula, na paka ni mdogo kuliko mbuzi. Hesabu hiyo hata mimi siwezi kuishusha.

Tulimpeleka kwa mwalimu wa msikiti, kijana mpole, akasema vitu vya kuchezea watoto vina ruhusa.

"Mimi ni mtoto?" Mamkubwa akamuuliza.

Mwalimu akasema hapana. Tukarudi tulikotoka.

Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu. Nikamuuliza, umbo lisilo na macho ni mnyama? Akafikiri. Akasema lisilo na macho ni umbo tu, kama mkono wa mwiko. Nikasema basi wewe fanya umbo, macho tutaweka sisi, nayo hayatakuwa macho, yatakuwa kunde. Kunde nyeupe yenye doa jeusi. Kunde ni mboga. Hakuna aliyewahi kuulizwa habari ya kunde.

"Macho si yangu," akasema.

"Si yako."

"Na kamba isiwepo."

"Kamba haimo kwenye hadithi."

"Hata kwa mbali."

"Hata kwa mbali, mamkubwa."

Akanawa mikono, akafunga mzigo wake, tukarudi naye. Njiani nilijiona nimefanya biashara safi.

Tulifanyia kazi kwenye stoo yangu, kati ya mabunda ya nguo. Dirisha tulilitia kapulana nene ili mwanga usibadilike, taa tukaziwasha kwa betri za sola. Udongo ukikauka hupasuka, kwa hiyo kila tuliposimama tuliwafunika wanyama kwa vitambaa vibichi, wakalala mezani kama wagonjwa wa homa. Walikuwa watano: mbuzi jike, mtoto wake, kuku, na bata wawili badala ya nguruwe. Mbuzi ndiye aliyefinyangwa kwanza. Mamkubwa hakuuliza awe vipi. Alizungusha udongo juu ya waya, akamtoa amekamilika, na sikio la kushoto limechanika.

"Bibi, na hili sikio!" binti akasema. "Limependeza! Umelitoa wapi?"

Nikamkanyaga mguu.

Hadithi aliitunga yeye binti. Watu wa nyumba moja wanaondoka alfajiri, wanyama wanabaki, na kwa kuwa hawajui watu watarudi lini, wanajaribu kuitunza nyumba. Bata wanafagia uani, kila mmoja akifagia upande wa mwenzake. Kuku anachota maji kwa kifuu na kuyanywa yote njiani. Mbuzi anaambiwa alinde mboga, na hapo watoto wanajua mapema kuliko bata nini kitatokea. Watu hawafinyangwi, mwishoni inasikika tu "hodi". Nilimwambia ni hadithi nzuri, ila bata wanaongea sana. Akasema hao bata ndio mimi na jirani.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuhesabu. Binti anasogeza, anatoka kwenye mwanga, anapiga; mimi nasema namba. Ni kazi rahisi mahali pasipo na watu wenye adabu. Kwetu mtu akipiga hodi huwezi kukaa kimya, na ukiitika huwezi kuishia kwenye "salama". Atakuuliza watoto, atakuuliza mgonjwa, atakuuliza mjomba anayekaa Mbau ambaye hata wewe humuulizi. Ukimaliza, namba imekimbia. Nilikuwa nahesabu mara mbili kila kitu tangu ujana wangu, lakini humo ndani nilihesabu mara mbili na kupata vitu viwili. Kuna mahali kwenye kipindi mbuzi anaruka ghafla hatua nzima, kama aliyeona nyoka. Hapo ndipo jirani alipoulizia mguu wa mjomba.

Mkasa wa macho ulitokea Ijumaa. Tulitoka mchana, wengine kuswali na wengine kula, mlango ukaegeshwa. Tuliporudi, vitambaa vilikuwa chini, na kuku wa jirani, kuku hasa, wa nyama, wamesimama juu ya meza katikati ya uwanja wetu mdogo wa udongo, wakubwa kuliko nyumba. Macho kumi yalikuwa yamebaki moja. Nikahesabu tena: moja, nalo la bata.

"Kuku wako wamekula macho ya mbuzi wetu!" nikamfokea jirani juu ya ua.

"Yote?"

"Tisa!"

"Basi watataga mayai yanayoona," akajibu, akaendelea kupepeta mchele wake.

Zile kunde nyeupe zilikuwa zimekwisha sokoni, tukapata nyekundu. Kwa hiyo mbuzi anaingia jikoni na macho meupe, anatoka na macho mekundu. Binti alitaka kulia. Nikamwambia jikoni kuna moshi.

Macho hayo Mamkubwa hakuyagusa. Hayakuwa yake. Alirekebisha vichwa vilivyodonolewa, akaweka matundu mawili mawili, akatupa nafasi tuweke mboga zetu.

Pumzi ndiyo iliyotuharibia.

Kulikuwa na sehemu ambapo mbuzi amechoka kusubiri, analala chini kando ya ukuta wa jiko. Binti aliifanya peke yake kwa siku mbili, wakati Mamkubwa yuko nje anakanda udongo na mimi niko sokoni. Macho alimfumba kwa udongo, hata kunde haikuhitajika. Kisha akamwekea ubavuni utando mwembamba wa udongo, akausawazisha kwa kidole, akapiga picha, akauongeza, akapiga, akauondoa kidogo kidogo, akapiga. Alifanya hivyo mpaka akapata alichokitaka, halafu, nami nimesharudi kutoka sokoni, kwa furaha yake yote akamwita mfinyanzi.

"Bibi, njoo uone. Hii ni zawadi yako."

Mamkubwa akaja akiwa na mikono yenye udongo, akainama mbele ya kompyuta. Mbuzi mwenye sikio lililochanika alikuwa amelala. Ubavu ukapanda, ukashuka. Ukapanda. Ukatulia kidogo juu, kama anavyofanya mnyama aliyelala kweli, ukashuka. Mimi nikaacha kumtazama mbuzi, nikamtazama Mamkubwa. Mbuzi alikuwa anapumua, yeye hapumui.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, bibi."

"Kwa udongo wa nani?"

"Wako."

Akanyanyuka. Akanawa kwenye ndoo ya uani, akasugua mikono kwa mchanga, akanawa tena. Akaingia ndani, akafunga mzigo wake, akatoka. Hakukasirika, aliaga vizuri kila mtu, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nimekosa nini, shangazi?" binti akasema. "Macho hana! Amefumba!"

"Macho hukumwekea. Umemwekea pumzi."

Nikapitia mapatano yetu kichwani, tangu mwanzo mpaka mwisho, mara mbili. Tulisema macho, tulisema kamba. Pumzi hatukuitaja popote. Kwa sheria ya soko nilikuwa na haki. Kwa sheria nyingine nilikuwa nimemchukua mwanamke mwenye deni la mbuzi mmoja mbele ya Mola wake, nikamwongezea wa pili.

Nikamkuta mahali ambapo magari ya Olumbi yanapakia, amekaa juu ya mzigo wake. Dereva akasema bado abiria wanne. Nikahesabu viti, bado watano. Nilikuwa na nafasi ya kuongea.

"Mamkubwa, bila wewe kazi haiishi. Kuku amepasuka kichwa. Bata mmoja hana mdomo."

"Heri yake."

"Mtoto kakosea, hakujua."

"Hakukosea. Kafanya vizuri. Hiyo ndiyo shida." Akanitazama. "Wewe ulivyomwona, ulimwona nani?"

"Mbuzi."

"Udongo hukuuona?"

Hapo ilibidi niseme uongo au ukweli, na ukweli ulikuwa karibu zaidi. "Sikuuona."

"Basi. Siku hiyo nitasema nini mimi? Kwamba sikuwepo? Vidole vyangu vimejaa mwilini mwake."

"Tutaitoa hiyo pumzi. Atalala tu, bila kutikisika."

"Mbuzi asiyetikisika ni mzoga. Watoto wataona mzoga, asubuhi ya Idd." Akakung'uta vumbi kwenye kanga yake. "Na mimi sitaki afe nami natazama."

Mbuzi huyo, kwa hiyo, hakutakiwa kupumua na hakutakiwa kufa. Nimeshajadiliana kwenye nafasi finyu, lakini pale hapakupita sindano. Dereva akapiga honi, bado watatu. Nikanunua karanga ili mdomo upate kazi nyingine. Nikampa nusu.

Akatafuna, akasema, si kwangu, kwa karanga: "Chungu changu kina alama ya kidole changu. Hakuna anayekiona akasema kimejifinyanga."

"Basi mkono wako uonekane," nikasema.

"Wapi?"

"Mle mle kwenye picha. Mbuzi amelala, mkono wako unaingia, unakaa ubavuni, ndipo ubavu unapanda. Mtu yeyote mwenye akili ataona kwamba anasukumwa. Udongo unaonekana, mkono unaonekana."

Akamaliza karanga zake, moja moja. Mimi nikazila zangu polepole zaidi.

"Mkono wangu," akasema mwishowe. "Si wa binti."

"Wako."

"Na ukitoka?"

Nikaona hatari hiyo kabla hajaimaliza. Mkono ukitoka na ubavu ukaendelea, tumerudi tulikoanzia. Ukitoka na ubavu ukasimama, ni mzoga. "Usitoke. Ukae humo mpaka kipande kile kiishe."

"Muda gani?"

"Sekunde ishirini."

"Sekunde ishirini naweza," akasema, akanyanyuka. Habari ya picha nane kwa kila sekunde hakuwahi kuambiwa, na mimi sikuona haja ya kuanza kumfundisha barabarani. Dereva akalalamika kwamba nimemvunjia hesabu. Nikamwambia hesabu yake ilivunjika tangu viti.

Binti ndiye aliyekuwa mgumu. "Itaharibika, shangazi! Hii kazi yote ni kuficha mkono. Mkono ukionekana watu wanaamka ndotoni."

"Ndiyo bei."

"Bei ya nini?"

"Ya kichwa cha kuku, na ya mdomo wa bata. Unalipa au hulipi?"

Akalipa, kwa uso uliokunjamana.

Sekunde ishirini zilichukua siku nzima na asubuhi ya pili. Mamkubwa alikaa kwenye kigoda, mkono mezani, na kila baada ya picha binti alimwambia: bibi, inua kidole hiki kidogo, bibi, rudisha, bibi, usiteme pumzi sasa. Alipokwenda kuswali tulizungushia mahali pa mkono wake punje za mchele ili arudi pale pale. Mkono ulikufa ganzi, ukafufuka, ukafa tena.

"Kumbe boneku ni mimi," akasema. "Mbuzi amelala raha mustarehe, mimi ndiye ninayesogezwa."

"Kidogo tu, bibi."

"Sekunde ishirini hizi mmezinunua wapi? Maana ni ndefu." Akanigeukia. "Ni wewe. Hizi ni sekunde za muuza nguo."

Lakini hakuutoa mkono. Ulikuwa ukitetemeka kidogo, na mtetemeko huo uliingia kwenye picha. Binti alisema hauwezi kurekebishwa, Mamkubwa akasema vizuri.

Idd ile ilikuwa ya kuchinja. Mtu wa televizau hakuwa amelifikiria hilo alipopanga espesiali ya wanyama wa nyumbani. Watu walirudi kutoka kuswali, wakakusanyika barazani kwangu mbele ya televizau, na jamaa wa wasanii wetu wa udongo walikuwa wamefungwa uani wakisubiri zamu. Mtangazaji akasema "Wanyama wa Shamba", na mzee mmoja aliyekuja kuona tembo akakaa mbele kabisa. Baadaye alisema hata bata si vibaya.

Watoto waliwacheka bata wakifagia mpaka wengine wakalala chini. Mbuzi aliporuka hatua nzima walidhani ni makusudi, wakashangilia. Macho mekundu hakuna aliyeyauliza isipokuwa jirani, aliyesema kwa sauti, "Hayo si macho, hiyo ni kazi ya kuku wangu." Kisha mbuzi akalala kando ya jiko, na mkono ukaingia.

Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoukumbuka. Kando ya mbuzi ulionekana kama kitu cha nchi nyingine, wenye mikunjo na udongo kwenye kucha. Ukakaa ubavuni. Ubavu ukapanda chini ya vidole, ukashuka. Watoto waliokuwa wamelala chini wakainuka kukaa. Mkono ukatetemeka, ubavu ukapanda. Binti alikuwa amejificha nyuma ya mlango, asione watu wakiamka.

"Mkono wa nani ule?" mtoto mmoja akauliza.

"Wa bibi! Wa bibi yule pale!"

Vichwa vyote vikageuka, vikautafuta mkono uliokuwa gotini kwa Mamkubwa. Akauingiza chini ya kanga. Halafu akautoa, akauweka wazi pale pale gotini, uonekane.

"Wameuona?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Wameuona."

"Wangapi?"

Nikahesabu. "Ishirini na mmoja."

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Ishirini na wawili. Kuna mmoja alikuwa nyuma ya mgongo wa mzee wa tembo. Mamkubwa akatikisa kichwa kukubali. Hakusema wanatosha, hakusema hawatoshi. Mashahidi ni mashahidi, na mwenye kuwapokea si mimi.

Kipindi kilipoisha watu wazima wakaondoka kwenda kwenye visu vyao. Watoto wakabaki. Kitoto kimoja cha kike cha jirani, chenye miaka minne hivi, kikaja mpaka mbele ya Mamkubwa, kikajilaza chali kwenye mkeka, kikafumba macho kwa nguvu, na kubana pumzi mpaka mashavu yakajaa.

"Ndiyo nini hii?" Mamkubwa akauliza.

"Anataka umfanye kama mbuzi," wenzake wakasema.

Akakitazama. Nilidhani atakifukuza. Akashuka kwenye kigoda chake kwa taabu, akapiga magoti, akaweka mkono juu ya tumbo la kitoto. Mtoto akaachia pumzi kwa kishindo, akacheka, tumbo likapanda na kushuka. Mamkubwa akaunyanyua mkono kidogo kidogo, kama alivyofundishwa na binti, unene wa ukucha, halafu unene wa ukucha mwingine, mpaka ukawa hewani kabisa. Tumbo likaendelea.

"Huyu pumzi anayo yake," akasema, akaomba maji akanawe.